Santuri ya Tano ya Nguma

Dorcas alikataa kuketi. Alisimama mbele ya meza ya Sajini Mwidani, kituoni Changamwe, mtoto mgongoni, na santuri iliyofungwa kwa leso ameibana kifuani.

"Bwana Sajini," akasema, "mume wangu anaimba."

Mwidani aliweka kalamu chini. Alikuwa askari kanzu, mtu wa Likoni mwenye maneno machache. Kesi ya mume wa Dorcas haikupita mikononi mwake, kwani wakati ule alikuwa Malindi, lakini hakuna aliyekuwa haijui habari yake. Nguma wa Kisauni, mwimbaji, aliokotwa majini Kipevu masika ya mwaka jana, kichwa kimepasuliwa, uso umeliwa na samaki. Rafiki yake Nicanor, mpiga kodiani, alishitakiwa kwa kumuua. Korti ikamhukumu kunyongwa, rufani ikakataliwa, na kesho jioni alikuwa apandishwe gari la moshi kwenda Nairobi, kwenye kitanzi.

"Nguma aliacha santuri nne, bibie," Mwidani akasema. "Watu hawajachoka kuzipiga."

"Hizo nne nazijua neno kwa neno. Hii ni ya tano." Akaifungua leso. "Juzi nilikuwa sokoni Kongowea nauza mihogo. Mkahawani wakaiweka. Nilianguka pale pale, watu wakanimwagia maji wakidhani nina kifafa. Nimeinunua ili mtu mwingine aisikie, nijue kama nina wazimu."

Karatasi ya katikati ilikuwa na jina la duka la Virji, wa hapo Changamwe. Mahali pa jina la mwimbaji paliandikwa: *Mtu wa Pwani*.

Gramafoni pekee kituoni ilikuwa ya Inspekta Pringle, Mzungu aliyekisoma Kiswahili kwa mtihani na kuupasi vizuri. Aliwaruhusu waingie ofisini mwake, akaipiga mpini mwenyewe, akaweka sindano.

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Kisha sauti, peke yake, bila chombo chochote.

Ilikuwa sauti ya Nguma. Hapakuwa na mwingine wa kufananishwa naye. Aliondoka Kisauni kwenda vitani Burma akiwa mwimbaji wa harusi, akarudi na kofia pana na gitaa, na namna ya kuimba aliyoitoa kwa askari wa Kimarekani waliokuwa kambi moja naye: nyimbo za wachunga ng'ombe na walevi wa kwao, ambamo sauti inapanda kutoka kifuani, inavunjika kooni, inadondoka tena. Mwaka mzima aliziimba katika kilabu cha tembo nyuma ya landi za reli, nyumba za wafanyakazi, kwa maneno yake mwenyewe. Aliimba juu ya mke aliyefunga mlango, juu ya mtu anayelala kwenye benchi la stesheni kwa sababu hana wa kumrudia. Makuli waliotoka zamu Kipevu walilia mbele ya vibuyu vyao bila kuona haya. Nicanor alikaa kulia kwake na kodiani. Santuri nne alizirekodi kwa Virji, na kila moja iliuzwa mpaka Tanga.

Sasa sauti ile ilikuwa imechakaa, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuzungumza.

*Mapenzi amelala, taa izimeni,*
*msimwamshe, mimi napita tu.*
*Mapenzi amelala, mlango ufungeni,*
*msimwambie kuna mtu nje.*

Dorcas aliziba masikio. Ilipokwisha, Mwidani aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Imerekodiwa kabla hajafa, ikatolewa sasa," Pringle akasema. "Mfanyabiashara ni mfanyabiashara."

Mwidani alikuwa anamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameamka na kuchungulia begani kwa mama yake.

"Huyu alizaliwa lini?"

"Baba yake alikwisha zikwa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano siku ya maziko."

"Anaitwaje?"

"Mapenzi," akasema Dorcas.

Pringle aliinua sindano kutoka kwenye santuri.

"Jina umempa wewe?" Mwidani akauliza.

"Mimi nilitaka Jerioth, jina la mama yangu. Mama mkwe alikataa kabisa. Mama Kafedha si mtu wa kushindana, lakini siku ile alisimama mlangoni akasema mtoto huyu ni Mapenzi, asiyetaka aondoke. Nikaona ni uchungu wa kufiwa, nikanyamaza."

Dorcas alipotoka nje kumnyonyesha mtoto, Pringle aliwasha kiko. "Najua unalolifikiri, Sajini. Mapenzi maana yake ni mapenzi. Nusu ya nyimbo za nchi hii zina neno hilo."

"Ni kweli, Bwana. Lakini mapenzi hulala namna gani?"

"Sikuelewi."

"Mapenzi *yamelala*. Msi*ya*amshe. Ndivyo angesema mtu yeyote, mpaka mtoto wa miaka mitatu. Huyu anasema *amelala*, msi*mw*amshe. Anamtaja mtu."

Pringle alivuta kiko kwa muda. "Washairi hupotosha."

"Wengine hupotosha. Nataka kujua kama na Nguma alipotosha."

"Kajue. Lakini nikienda kumwamsha Jaji na kumwambia asimamishe mtu asinyongwe, siwezi kwenda na sarufi mkononi. Niletee mtu."

Duka la Virji lilikuwa mkabala na stesheni, mbele vitambaa na taa za mafuta, nyuma chumba kilichotandikwa magunia ukutani kuzuia kelele. Humo ndimo ilimokaa mashine ya kuchongea santuri, aliyoinunua jeshi lilipokuwa linauza vitu vyake baada ya vita. Virji alikuwa mzee mwembamba aliyependa muziki kuliko vitambaa, na alifurahi Mwidani alipoomba kuzisikia zile santuri nne. Furaha ilipungua aliposikia sababu.

Walizisikia zote. Katika ya kwanza mapenzi *yalimtupa* Nguma barabarani. Katika ya pili *hayakuwa* na mlango. Katika ya nne *yalikwenda* Voi na gari la mizigo *yakamwacha*. Kila mahali alisema kama watu wote wasemavyo. Na kila mahali, chini ya sauti, lilikuwa gitaa lake, vidole vikitembea bila kujikwaa.

"Hii ya tano uliirekodi lini?" Mwidani akauliza.

"Zamani. Kabla ya maafa. Niliiweka kwa heshima ya marehemu."

"Na jina lake ukalifuta kwa heshima hiyo hiyo?"

Virji alijishughulisha na kufuta vumbi kwenye santuri.

"Gitaa liko wapi, Bwana Virji?"

"Siku hiyo nyuzi zilikatika."

"Ukarekodi humu humu, chumba hiki?"

"Humu humu."

Mwidani akaiweka ya tano, akasogeza sindano mpaka karibu na mwisho. Nguma alimaliza ubeti, akavuta pumzi. Katika kimya kile, mbali sana, ilisikika honi, moja ndefu na moja fupi.

"Mimi nimezaliwa Likoni," Mwidani akasema. "Honi hiyo imeniamsha tangu feri ya mota ianze. Hapa Changamwe haifiki, Bwana Virji, labda upepo uibebe mabegani."

Mzee aliketi juu ya kasha. Akaanza kusema polepole, macho yake kwenye mashine.

"Alikuja mama. Mama yake. Alisema ana mpwa wake, mgonjwa, anajua kuimba, hawezi kutoka. Nikabeba mashine kwa gari mpaka ng'ambo. Nyumba ya makuti katika minazi, njia ya Mtongwe. Chumbani kulitundikwa kanga katikati, na mimi nikaambiwa nikae upande huu. Akaapa kwamba nikichungulia nitapofuka. Nikampa kipaza sauti chini ya kanga. Ukatoka mkono umefungwa vitambaa, ukakichukua."

"Ukasikia sauti."

"Nikaisikia. Nimerekodi waimbaji wengi. Hiyo niliijua kabla hajamaliza neno la kwanza, nikatamani kukimbia. Nikaiharibu sahani ya kwanza ya kuchongea. Nikajiambia, Virji, hili ni pepo, lirekodi uende zako."

"Wakati huo Nicanor alikuwa jela."

"Pepo haliwezi kutoa ushahidi," akasema Virji kwa sauti ndogo. "Ndivyo nilivyojiambia kila siku."

Mwidani alivuka na feri ya adhuhuri. Hakwenda kwao, ingawa paa la nyumba ya babake lilionekana kutoka gatini. Alishika njia ya Mtongwe, akauliza kwa wanawake waliokuwa wanasuka makuti nyumba ya mama wa Kigiriama aliyehamia mwaka jana. Walimwonyesha kwa kidevu. Mmoja akamwambia, "Ukienda, mwanangu, usile kitu huko. Usiku kuna mtu anaimba, na mama mwenyewe anakaa peke yake."

Kafedha alikuwa uani akipepeta mchele. Alikuwa mama mfupi mwenye mikono mipana, na alipomwona mgeni hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ni Mwidani, wa polisi Changamwe. Nimekuja kumwona Nguma."

"Umekosea njia. Nguma yuko makaburini Kisauni. Nilimzika mimi. Maiti niliitambua mimi, kwa shati nililolishona kwa mkono wangu, mbele ya daktari na askari wenzako."

"Shati nimeambiwa. Naomba kibali niketi kivulini, jua kali."

Hakumkatalia. Mwidani akaketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, uso kwa mama. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani, katika giza la chumba, ilionekana kanga nyekundu imetundikwa toka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa imetulia kabisa. Mwidani akaanza kusema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye hatua chache mbele yake.

"Sikuja kwa ugomvi, mama. Nimekuja kukupa habari za Nicanor."

Ungo ulisimama. "Sitaki habari zake."

"Yuko jela mjini. Wamemtia hatiani kwa kumuua Nguma. Kesho jioni wanampandisha gari la moshi kwenda Nairobi, na Nairobi watamnyonga."

"Nyamaza," akasema Kafedha.

"Mama yake alikuja kutoka Taveta kwa miguu kusikiliza kesi. Kiswahili hajui. Aliuliza watu nje ya korti, wamesema nini, wamesema nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia."

"Nyamaza, mwanangu, nakuomba."

"Kule kortini Nicanor alisema jambo moja tu. Alisema, mimi na Nguma tulipigana kilabuni, kweli, nilimpiga, kwa sababu alinipa gitaa lake na kuniambia hataki kuimba tena wala hataki kunieleza kwa nini. Hakimu hakumwamini. Nani atampa mtu gitaa kama lile?"

Nyuma ya Mwidani kitu kilianguka, kama kikombe cha bati. Kanga ilitikisika. Kisha sauti ya santuri ikasema, bila wimbo:

"Mama. Ulisema Nicanor yuko Tanga kwenye mkonge."

Kafedha alifunika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la mchele.

Mwidani alisimama, akageuka. Mtu aliyetoka nyuma ya kanga alikuwa amevaa shuka tu. Nyusi zilikuwa zimepukutika, ngozi ya mashavu imekuwa nene, inang'aa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda ndani kama makucha. Alisimama mahali mwanga ulipoishia.

"Usinisogelee sana," akasema. "Ni ukoma."

"Nimeona."

"Nilianza kuujua kilabuni. Nilikuwa napiga gitaa, nikaona damu kwenye nyuzi, damu yangu, na mimi sisikii kitu. Nikashika glasi ya taa ikiwaka. Sikusikia kitu." Aliitazama mikono yake. "Dorcas alikuwa na mimba. Nilijua wataitwa nini, yeye na mtoto. Watakatazwa kisima. Nikamwambia mama, waambie nimekufa, Dorcas aolewe na mtu mwenye afya. Gitaa nikampa Nicanor. Nilitoka kilabuni usiku ule damu inanitoka mdomoni kwa ngumi yake, na nilifurahi, maana nilijua atanikasirikia na hatanitafuta."

"Na jina la mtoto?"

"Mama aliponiambia mke wangu yu karibu kuzaa, nilisema, akiwa msichana aitwe hivyo. Lile tu nilimpa. Halafu nikatamani aisikie sauti yangu, hata kama hatajua ni ya nani. Mama alikataa, nikamlilia mpaka akamwita Mhindi." Aliinua macho. "Umeniambia kesho jioni?"

"Kesho jioni."

"Tukiondoka sasa tutafika?"

"Tutafika. Lakini lazima upite njiani watu wakuone. Na tukifika mjini, baada ya Jaji kukuona, hawatakuacha urudi hapa. Watakupeleka mahali wanapowekwa wagonjwa kama wewe. Sikudanganyi."

"Mkewe atajua," Kafedha akasema. "Mtoto atajua. Watu wote watajua, Nguma. Basi ulitoroka kwa nini?"

"Nilitoroka nikidhani nalipa mimi peke yangu, mama. Nipe shati."

Aliingia kuvaa. Walimsikia akihangaika na vifungo. Mara mbili Kafedha aliinuka kwenda kumsaidia, mara mbili akaketi. Mwidani alingoja. Lilikuwa limebaki swali moja, na alilichelewesha mpaka lilipokuwa haliwezi kuchelewa tena.

"Mama, mtu aliyezikwa Kisauni ni nani?"

"Sijui."

"Shati lilikuwa la Nguma."

"Nilimvika mimi." Alisema akitazama ungo. "Mwanangu alikuwa ameshafika hapa siku tatu. Nilirudi Kisauni kuwaambia watu amepotea baharini, sikujua nitasemaje. Nikasikia Kipevu kuna maiti, imewekwa bandani, inangoja daktari. Askari aliyekuwa zamu aliniacha niingie nikaomboleze peke yangu. Nilikuwa nimelibeba shati ndani ya kanga. Hakuwa na uso. Nikamvika, nikapiga ukemi, wakaja."

"Kichwa kilikuwa kimeshapasuka?"

"Kimeshapasuka. Mtu alimpiga, Sajini. Si Nicanor. Yupo mtu alimpiga yule kijana, na mimi nikamfunika na jina la mwanangu, kesi yake ikafungwa."

"Umesema kijana. Umejuaje, kama hakuwa na uso?"

Kafedha aliuweka ungo kando. Aliufungua mshipi wa kanga kiunoni, akatoa fundo dogo la kitambaa, akalifumbua magotini. Ndani mlikuwa na uzi mweusi uliosokotwa, wenye ushanga mmoja mweupe, umekatwa kwa kisu.

"Alikuwa nao kifundoni mwa mguu. Nguma hakuwa nao kamwe, ndiyo sababu niliukata kabla hawajaja. Uzi kama huu mtu hajifungi mwenyewe. Alifungwa na mama yake alipokuwa anaugua, na hakuwa bado na umri wa kuona haya kuuvaa." Akauweka katika kiganja cha Mwidani, akamfunga vidole juu yake. "Kila Jumapili nimevuka kwenda kupalilia kaburi lake. Watu wamenisifu kwa kumlilia mwanangu. Nilimlilia kweli, lakini sikujua nimwite nani."

Nguma alitoka. Shati lilikuwa limefungwa upande, vifungo havikukutana na matundu yake. Akamtazama mama yake, akatazama njia ya gatini, ambako wale wanawake walikuwa wameacha makuti yao na kusimama. Kisha akashuka kizingiti, akaingia juani, na Mwidani akamfuata nyuma kwa umbali aliouomba, uzi umekunjwa ndani ya ngumi.